Daftari la gharama za mama mkwe halina jina langu

Shangazi, shikamoo.

Mimi ni mama wa watoto watatu, nina miaka 47, naishi Ngamiani hapa Tanga. Kwetu ni Pangani. Nilipoolewa huku walinitania kwamba Tanga ni waja leo waondoka leo. Nimekaa miaka 24 na sijaondoka. Naomba usitaje jina langu wala namba ya barabara yetu, maana Ngamiani watu wanajuana.

Mwezi wa nane mwaka 2016 mama mkwe wangu alipata kiharusi. Upande wa kulia ulikufa wote na maneno yakawa yanatoka nusu nusu. Watoto wake ni wanne. Mkubwa yuko Muscat, anayefuata ni mume wangu, kisha wifi yangu aliyeko Arusha, na kitindamimba yuko Dar es Salaam. Walikaa palepale wodini wakaamua sisi tuhamie kwa mama. Mimi sikuulizwa. Lakini kusema kweli hata ningeulizwa ningekubali, kwa sababu yule mama alinipokea vizuri. Mkate wa kumimina nilifundishwa na yeye, na uzazi wangu wa kwanza alinikanda kwa mikono yake.

Wakati huo nilikuwa na cherehani mbili na kibanda cha kupanga karibu na soko, nashona madera na sare za shule. Nilikifunga nikidhani ni kwa miezi mitatu. Cherehani moja niliiuza tukamnunulia godoro la mgonjwa, maana lile la kawaida lilikuwa linamtia vidonda. Ya pili iko chini ya kitanda chake mpaka leo.

Sitaki kujisifu, ila nikueleze uelewe. Saa kumi alfajiri namgeuza. Namsafisha, nambadilisha, nafua mashuka. Uji kijiko kimoja kimoja, ukiharakisha anapaliwa. Dawa za presha, kumnyoosha mkono kama tulivyoelekezwa, kumtoa barazani apate hewa na kumrudisha. Mchana namgeuza tena kila baada ya saa mbili, na usiku vilevile. Miaka yote hiyo sikulala usiku mzima, na nyumbani kwetu Pangani nilikwenda mara tatu tu, zote kwa misiba. Miaka minne ya mwanzo tulikuwa na binti mmoja kutoka Lushoto, amemaliza darasa la saba, akinisaidia kuchota maji na kufua. Kisha akaolewa Mombo nikabaki peke yangu na wanangu.

Mama alitutoka mwezi wa nane mwaka 2025. Baada ya arobaini shemeji mkubwa aliitisha kikao cha familia kuhusu kuuza nyumba. Alikuja na daftari la kaunta. Ndani yake alikuwa ameandika kila alichotoa kila mmoja wao katika miaka 9 ya ugonjwa. Yeye shilingi 7,200,000. Wa Dar es Salaam 3,400,000. Wifi 1,850,000. Akasema nyumba ikiuzwa, kila mmoja arudishiwe kwanza chake, halafu kinachobaki kigawanywe kwa sheria ya mirathi. Kwenye mstari wa mume wangu pameandikwa: "Alimtunza mama nyumbani, 1,500,000."

Shangazi, nilikuwa nimekaa kwenye mkeka mlangoni, nimeshika sinia la kahawa. Nilidhani sikusikia vizuri. Mume wangu akasema, "Sawa, kaka." Wifi peke yake ndiye aliyenitazama. Kitindamimba akasema tusisahau kwamba sisi tumekaa miaka yote hiyo bila kulipa kodi. Mimi nikathubutu kuuliza, je, kazi ya kumuuguza mama imeandikwa wapi? Shemeji akanijibu kwa upole kabisa, "Shemeji, wewe Mungu atakulipa."

Usiku ule sikulala. Nikachukua daftari la mwanangu na mimi nikaandika langu. Nimeweka shilingi 100,000 kwa mwezi, ambazo si nyingi kwa mtu wa kulala hapohapo, mara miezi 108. Inakuja 10,800,000. Mume wangu aliliona daftari akaniuliza, "Umemwandikia mama yangu bili?" Tangu siku hiyo tunaongea mambo ya chumvi na mkaa tu. Zile 1,500,000 amekwisha zipangia, anataka kuongezea anunue pikipiki.

Binti yangu aliyeko chuo ananiambia nilipeleke daftari kikaoni. Mama yangu Pangani ananiambia nifunge mdomo, nilinde nyumba yangu. Mnunuzi yupo, na kikao cha mwisho ni baada ya wiki mbili. Sijui nifanye nini. Na kuna jambo linaniuma kuliko yote: nampenda yule mama. Alipokuwa anakata roho mkono wake wa kushoto ulikuwa ndani ya wangu. Je, kwa kuhesabu shilingi nimejiharibia thawabu zangu na kuufanya upendo ule kuwa kibarua?

Mkwe wa Ngamiani, Tanga

*

Marahaba, mwanangu. Pole kwa msiba, na pole kwa uchovu ambao nadhani bado uko mgongoni mwako.

Barua yako nimeisoma mara kadhaa, na kila mara nimekwama kwenye mstari wa mume wako. Wewe unasema daftari halina jina lako, na ni kweli halina. Lakini kazi yako imo. Shemeji yako aliiona, akaipima, akaitia bei, kisha akaiandika kwa jina la mtu mwingine. Naomba uutazame vizuri mstari ule kabla hujaamua lolote, kwa sababu tatizo lako si kwamba familia haijui kuwa ile ilikuwa kazi. Inajua. Shida ni kwamba wanapotafuta mwenye kazi ile, macho yao yanamwendea mwanamume aliyeko karibu nawe.

Tena kuna vipimo viwili ndani ya daftari moja. Mwana aliyetuma hela kwa mamaye anahesabiwa kama aliyekopesha, na deni lake linalipwa kabla ya mirathi. Mkwe aliyetoa usiku wake anaambiwa alitoa sadaka, na malipo yako kwa Mungu. Hakuna aliyemwambia shemeji wa Muscat kwamba zile 7,200,000 Mungu atamlipa, ingawa naamini atamlipa. Ama vyote viwili ni wema kwa mama, basi havirudishwi. Ama vyote viwili ni gharama, basi vyote viandikwe. Katika barua yako yote hapa ndipo nimepaona penye nguvu kuliko hesabu ya 10,800,000, na nitaparudia.

Haya hayakuanzia kwenu. Mwaka 1934 mchumi mmoja mwanamke aliyefanya kazi Marekani, Margaret Reid, aliuliza swali jepesi: tutajuaje kwamba shughuli ya nyumbani ni kazi? Jibu lake lilikuwa kwamba ikiwa unaweza kumlipa mtu mwingine akufanyie, hiyo ni kazi. Huwezi kumlipa mtu akulie chakula chako au akulalie usingizi wako. Ila unaweza kumlipa mtu amgeuze mgonjwa, afue mashuka na amlishe uji. Kwa kipimo hicho ulifanya kazi miezi 108. Na wewe mwenyewe, bila kumsoma mchumi yeyote, ulikitumia kipimo hichohicho ulipojiuliza mtu wa kulala hapohapo angelipwa ngapi.

Wanaofanya hesabu hizi wana njia mbili, nami nakuonyesha zote kwa sababu hazikupi jibu moja. Ya kwanza ndiyo uliyotumia: mbadala wako angegharimu kiasi gani. Ya pili huuliza wewe umepoteza nini. Kibanda chako, Januari tisa za sare za shule, wateja ambao sasa wana fundi mwingine, mkono uliozoea mkasi. Njia zote mbili zina tundu. Uliposimama jikoni unasonga ugali huku sikio liko chumbani kwa mama, ulikuwa unafanya kazi moja au mbili? Saa nane za usiku ulizolala jicho moja wazi utaziandika wapi? Hata watakwimu, nchi yetu ikiwemo, ambao hupita majumbani kuuliza watu wametumiaje siku yao, hupata tabu hapo. Kwa hiyo usiishike ile 10,800,000 kama bei kamili ya ulichofanya. Inaonyesha tu kwamba si sifuri.

Hesabu za mataifa zenyewe zina jambo la kushangaza ambalo linahusu nyumba yako moja kwa moja. Mwongozo wa Umoja wa Mataifa wa kukokotoa pato la taifa, tangu toleo la 1993, unakubali kwamba kuchota maji kwa matumizi ya nyumbani ni uzalishaji. Ndoo ile ikifika mlangoni, hesabu inakoma. Kumwogesha mgonjwa kwa maji yaleyale hakumo. Ilichukua mpaka mwaka 2013 ndipo watakwimu wa kazi walipokutana Geneva wakaafikiana kwamba matunzo yasiyolipwa nayo yaitwe kazi, ingawa mpaka leo pato la taifa halipandi hata senti kwa ajili yake. Mwaka 2018 Shirika la Kazi Duniani lilikadiria kwamba kazi hizi zinachukua saa bilioni 16.4 kila siku duniani kote, na zaidi ya robo tatu yake iko mikononi mwa wanawake.

Sisi watu wa Tanga tulipaswa kulielewa hili mapema. Mji huu umejengwa na mkonge, na mkonge ulikatwa na manamba, yaani vibarua wa mkataba, waliotoka mbali, Kigoma, Songea, Ubena na hata nje ya mipaka. Manamba alipewa kadi ya kipande ya siku 30, na mshahara wake ulipimwa kwa tumbo moja, lake peke yake. Mkewe na wanawe kule nyuma walijilisha kwa jembe la yule mke. Bila jembe lile mwenye shamba asingeweza kulipa kidogo vile, lakini fungua vitabu vya mashamba yale uone kama utamkuta. Azimio la Arusha mwaka 1967 lilikiri kwamba wanawake wa vijijini wanafanya kazi saa 12 au 14 kwa siku, hata Jumapili na sikukuu. Nakutajia haya ili ujue kwamba shemeji yako hakubuni jambo jipya. Ameandika daftari kama daftari zilivyoandikwa siku zote, na huenda hajui kwamba lingeweza kuandikwa vingine.

Sasa nije kwenye lile linalokuuma kuliko yote, thawabu.

Mimi si sheikh, na la fiqhi, yaani sheria ya dini, umpelekee unayemwamini. Lakini nikumbushe unayoyajua. Katika Suratut Talaq, aya ya 6, waume wanaambiwa kwamba wake waliowaacha wakiwanyonyeshea watoto, wapewe ujira wao. Fikiria hapo. Hakuna kazi iliyo karibu na upendo kuliko mama kumnyonyesha mwanawe, na bado ujira umetajwa, wala hakuambiwa kwamba akiupokea maziwa yake yamekuwa biashara. Na masheikh wengi wa madhehebu ya Shafi, ambayo ndiyo ya mwambao wetu, wanasema utumishi wa ndani ya nyumba si wajibu wa kisheria kwa mke. Ni hisani yake. Ikiwa kumpikia mume ni hisani, kumgeuza mama mkwe miaka 9 tukuiteje? Hisani hushukuriwa, na hisani huwa na mwenyewe. Muuguzi wa hospitali hulipwa mwisho wa mwezi na hatumwambii kwamba hana huruma. Kwa hiyo ule mkono wa kushoto uliokuwa ndani ya wako, mwanangu, hakuna tarakimu inayoweza kuutoa hapo.

Nina maswali matatu kwako, nayo nayauliza kwa upendo.

La kwanza ni kuhusu kodi. Kitindamimba alikuumiza, ila alichosema kina ukweli wake. Kukaa bila kodi Ngamiani kwa miaka 9 ni kitu chenye thamani. Ukisema matunzo yaandikwe, basi na makazi yaandikwe, upande wako na upande wa mume wako, maana yeye alilala palepale bila kuamka saa kumi. Kama daftari lako halina mstari huo, wenzako watauandika wao, na kwa bei yao.

La pili ni mume wako. Unaona alikubali mstari ule kwa sababu hakuthamini. Inawezekana. Lakini mtu wa katikati anayekaa na mama huku mkubwa akituma hela kutoka Muscat naye ana jeraha lake. Kila kikao hupimwa kwa alichoshindwa kutuma. Labda zile 1,500,000 zilikuwa mara ya kwanza kaka yake kuandika kwamba na yeye alifanya kitu. Na alipokuuliza kuhusu bili, huenda alisikia kwamba mkewe naye anamwambia hakufanya. Sisemi hivyo ndivyo ilivyo, wewe ndiye unayemjua. Nauliza tu kama mmewahi kuongea, mkiwa wawili, mama alipokuwa hai, kuhusu nani anaamka usiku.

La tatu ni binti wa Lushoto. Umemtaja kwa mstari mmoja, akichota maji na kufua, miaka minne, kisha akaolewa. Hukuniambia alikuwa analipwa nini. Nimelitafuta jina lake katika hesabu ya 10,800,000 sijaliona. Miezi yote 108 ni yako. Mwanangu, sikukamati kosa. Nimelea nyumba, najua tunavyosema kwamba tunamlea, tunamvisha, akienda kwao tunampa chochote. Lakini je, hivyo sivyo shemeji yako anavyokusema wewe? Na mwanao aliyeko chuo, wakati yuko sekondari ni nani aliyemgeuza bibi ulipokwenda kwenye misiba Pangani? Daftari lako likiwa na majina yao, litakuwa zito zaidi mbele ya kikao, na litakuwa la kweli zaidi mbele yako.

Njia ziko kadhaa, na kila moja ina mwiba wake.

Ya sheria nitaipita upesi. Pengine umesikia kwamba mahakama zetu zinatambua kazi ya nyumbani. Ni kweli: mwaka 1983 Mahakama ya Rufani, katika shauri la Bi Hawa Mohamed na Ally Sefu, ilisema kazi za mke ndani ya nyumba ni mchango katika mali iliyochumwa kwenye ndoa, chini ya kifungu cha 114 cha Sheria ya Ndoa ya 1971. Bi Hawa mwenyewe hakuongezewa kitu, kwa sababu mahakama iliona hela alizokwisha kupewa na mumewe kwa ajili ya mradi zilipotelea mikononi mwake, lakini msingi ule umewafaa wanawake wengi baada yake. Ila kifungu kile ni cha mke na mume wanapoachana au kutengana, kwa mali yao. Nyumba ya mama mkwe ni mirathi, na mkwe si mrithi. Kabla ya kikao, muone msaidizi wa kisheria. Tangu Sheria ya Msaada wa Kisheria ya 2017 wanatambuliwa rasmi, na kumsikiliza hakukufungi kwenda mahakamani. Umuulize hasa hili: msimamizi wa mirathi amekwisha teuliwa na mahakama? Na hela walizotuma watoto kwa mama yao zinakuwaje deni juu ya mirathi, ikiwa mama hakukopa?

Swali hilo la mwisho unaweza kulipeleka kikaoni bila daftari lako kabisa. Utaratibu wa mirathi unajulikana: mazishi, madeni, wasia usiozidi thuluthi, kisha warithi. Ikithibitika kwamba hela zile zilikuwa wema wa watoto kwa mama yao, hakuna wa kurudishiwa, na mstari wa mume wako unafutika pamoja na mingine. Wewe hutapata shilingi kwa njia hiyo. Ila vipimo viwili vitakuwa vimeondoka, na wifi yako, ambaye ndiye aliyekutazama na ndiye mwenye fungu dogo kati ya waliotuma hela, anaweza kuwa wa kwanza kukuunga mkono. Hatari yake ni kwamba utaonekana unawanyima kaka zake hela yao, na mume wako naye ataona umempokonya pikipiki yake.

Au ulipeleke daftari lako kama lilivyo. Binti yako anakwambia hivyo kwa sababu ni kijana na ameona; usimpuuze. Kuna heshima katika kusema hesabu kwa sauti mbele ya waliokaa mbali. Lakini namba ikishatajwa, watu hujadili namba. Watabishana kama ni laki au elfu sitini, watatoa kodi, watatoa chakula ulichokula, na mwisho unaweza kujikuta unapigania 900,000 huku hakuna aliyekwambia ahsante. Kama utalipeleka, nadhani anza na kile ambacho hakuna wa kukipinga: cherehani. Uliuza mali yako mwenyewe, kwa hela taslimu, ukanunua godoro la mama. Hiyo ni hela kama hela ya Muscat, kwa kipimo chochote watakachochagua.

Iko na njia ambayo dini imeifungua. Suratun Nisaa, aya ya 8, inasema kwamba wakihudhuria ugawaji wa mirathi jamaa, mayatima na masikini, wapewe kitu katika mali ile na waambiwe maneno mema. Mkwe aliyeuguza anaweza kukaribishwa kwa mlango huo, kwa ridhaa ya warithi, kabla hawajagawana. Mzee wa ukoo au sheikh wa mtaa akilisema yeye, halitaonekana kuwa dai lako. Uzuri wake ni kwamba unalinda undugu. Ubaya wake ni kwamba unaingia kama mtu wa kuhurumiwa, wakati wewe unajua hukuomba huruma. Pima mwenyewe kama moyo wako unaweza kuubeba ubaya huo.

Na iko njia ya mama yako, kunyamaza. Nisingependa uidharau. Mama yako ameishi muda mrefu, anajua ndoa ngapi zimevunjika kwa maneno yaliyosemwa siku ya mirathi. Swali langu moja tu: ukinyamaza, utanyamaza na moyo, au mdomo peke yake? Kwa sababu tayari mnaongea chumvi na mkaa tu, na hujasema kitu bado.

Chochote utakachochagua, mimi nadhani mume wako asikisikie kikaoni kwa mara ya kwanza. Mtafute saa ambayo hana haraka, labda barazani baada ya isha. Usianze na hela. Mwambie mstari ule ulikuumiza vipi, mwulize yeye ulimwambia nini, kisha mnyamaze kidogo. Huenda akaweza mwenyewe kusema mbele ya kaka zake, "Andika jina la mke wangu hapo." Akilisema yeye, ni jambo zito. Akikataa, angalau utajua uko wapi, na utakwenda kikaoni au hutakwenda ukiwa unajua. Msisahau pia kuongea mtahamia wapi nyumba ikiuzwa, na huko mnakohamia hati au mkataba wa pango utakuwa na majina ya nani. Miaka 9 iliyopita haikuandikwa. Inayokuja ndiyo inaandikwa sasa.

Binti wa Lushoto, kama namba yake unayo, mpigie. Mwulize hali, mwulize watoto, na umwambie ulikuwa unaandika hesabu ukamkumbuka.

Na ile cherehani ya pili, itoe chini ya kitanda cha mama kabla wanunuzi hawajaanza kuingia na kutoka. Tia mafuta, tazama kama mkanda wake bado mzima. Januari shule zinafunguliwa.